Bonde Lililofagiliwa

Gari lilipomaliza kona ya mwisho, kitu cha kwanza alichokiona Tusekile hakikuwa bonde. Yalikuwa mawe. Yamepangwa kushoto na kulia kwa barabara, kuanzia kwenye bango la kijiji cha Lufumbika mpaka mlangoni kwa mwenyekiti, yote yamepakwa chokaa mbichi, meupe pe. Alikuwa mpigapicha wa kiapo kwa miaka mingi, na chokaa kwenye mawe aliijua inasema nini: watu wamejiandaa kupokea ugeni. Na yeye hakuja kama ugeni. Baraza la Anga lilimtuma aje alione bonde kama lilivyo, na kama limekufa, alibebe kwenye picha hivyo hivyo na mizoga yake.

Kwaya ya usharika ilimpokea kwa nyimbo, imevaa makoti juu ya sare. Mwenyekiti Chaula, mzee mfupi aliyefunga tai juu ya sweta, alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akimsalimu kwa kilugha chao, kamwene mheshimiwa, kamwene, na hakuuachia mpaka walipofika ofisini. Akakalishwa karibu na jiko la mkaa, akaletewa viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa. Wakamwomba radhi kwamba ulanzi haupo, maana mianzi imeungua kwa baridi na haitoi hata tone. Walilisema hilo kwa aibu kubwa, utadhani kukosa kinywaji cha mgeni ndiyo hasara pekee iliyowapata.

Alipomaliza chai alitoka nje kulitazama jua. Siku hizi unaweza kulitazama jua kwa macho makavu. Lilikuwa limekaa juu ya milima, jeupe, limefifia, halimpi mtu joto hata la kukaushia soksi. Ndivyo lilivyokuwa tangu Pazia litandazwe.

Pazia lenyewe lilikuwa vumbi jepesi, linalomwagwa na maputo juu kabisa ya anga, mwaka hata mwaka. Lilianza baada ya ile miaka ya joto, watu wa Pwani walipokuwa wakianguka barabarani asubuhi kweupe na maiti kukosa wa kuzizika. Tuseme ukweli, lilifanya kazi yake. Pwani wakapumua. Lakini watu wa nyanda za juu, ambao hata zamani kipupwe kiliwatosha, hakuna aliyewauliza. Kipupwe chao kikageuka kitu kingine. Maji yakaganda mabondeni, viazi vikaozea ardhini, ndama wakazaliwa asubuhi na jioni wakazikwa.

Baraza lilikuwa na uwezo wa kulipunguza vumbi juu ya bonde moja moja, jambo ambalo watu walikuwa wakiliita kutoboa Pazia. Ila kila tundu liliongeza joto kwa walioko chini, kwa hiyo matundu yalitolewa kwa kubana sana, na kwa sharti moja tu: ionekane kwamba bonde limekufa. Si kwamba limeganda. Barafu peke yake haikumshtua mtu yeyote kule barazani. Walitaka kuona vifo.

Na walitaka kuviona kwenye picha ya kiapo, si vinginevyo. Maneno hawakuyapokea, kwa kuwa maneno yalishachakachuliwa sana. Picha za kawaida nazo zilishakosa thamani, maana mashine inaweza kukutengenezea picha ya tembo anakunywa chai na mama yako mzazi, ukaiamini. Kamera ya kiapo ilikuwa sanduku lisilo na taa, ambalo aliyelibeba hawezi kulifungua. Ilipokea mwanga wa jua la asubuhi na si mwanga mwingine. Vumbi la Pazia huuchuja mwanga tofauti kila kukicha, na mchujo wa siku hiyo hubaki kwenye bamba la kioo kama muhuri. Ukiwasha hata tochi, muhuri umeharibika. Kila bonde lilipewa bamba moja na asubuhi moja, basi.

Kitu kimoja tu kamera haikuweza kukijua, nacho ni nani amegusa nini kabla jua halijachomoza. Hicho kiliachwa kwenye dhamiri ya mpigapicha. Ndiyo maana aliapishwa kwamba hatapanga, hatapangua, wala hatapiga kilichopangwa.

*

Aliyempeleka bondeni jioni ile alikuwa Edina Sanga, mama mtu mzima, mjane, kiongozi wa kina mama wa usharika na mwenyeji wake kwa usiku huo. Tusekile alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba mwanangu, akamfunga shingoni skafu yake mwenyewe bila kuuliza. Njiani alikuwa na maneno mengi. Alisimulia bonde lilivyokuwa zamani, matete yalivyompita mtu kimo, korongo walivyokuwa wakishuka kwa mamia na kucheza wawili wawili mpaka watoto wanachelewa shule kwa kuwatazama. Mashamba yote ya kijiji yalikunywa maji ya pale. Alisema mjukuu wake wa mwisho amezaliwa na kifua kibovu, na kila kipupwe wanaomba Mungu wavuke naye. Safari hii, alisema, tukipata hilo tundu letu, atakua.

Wakafika ukingoni. Tusekile akasimama.

Bonde lote lilikuwa kioo. Barafu imetanda kutoka miguuni pake mpaka chini ya milima, safi, haina jani, haina unyoya, imefagiliwa mpaka michirizi ya mifagio inaonekana. Matete yaliyoungua yamekatwa usawa na kufungwa mizigo mizigo kandokando. Nuru ya mwisho wa siku ilikuwa imelala juu ya barafu, ya waridi upande huu, ya samawati upande ule. Ilikuwa nzuri, na uzuri ule ulimtia Tusekile hofu kuliko mzoga wowote aliowahi kuukuta.

Akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu. "Mama, wale waliokufa wako wapi?"

Edina akatabasamu. Alikuwa amelisubiri swali hilo.

"Tumewaondoa wote, mwanangu. Ng'ombe tumewafukia kule bondeni kwa chini, na korongo tumewazika nyuma ya kanisa, kwa wimbo. Ungekuja wiki iliyopita ungetuonea huruma, walikuwa wametapakaa kila mahali, miguu juu, wengine wameng'ang'ania kwenye barafu kwa mabawa. Tumefagia siku nne, kijiji kizima, mpaka wagonjwa. Bonde letu linapelekwa mbele ya wakubwa. Tungeliachaje uchi?"

Tusekile alitazama mikono ya yule mama, imepasukapasuka kwa baridi, imefungwa vitambaa kwenye vidole. Akataka kupiga kelele, akashindwa apige kwa nani. Watu hawa wamekuzwa hivyo. Tangu babu zao, akija mkubwa kutoka wilayani, barabara inafagiliwa, mawe yanapakwa chokaa, mgonjwa anafunikwa shuka safi, na shida zote zinasukumwa nyuma ya nyumba mpaka gari la mgeni liondoke. Hata maiti, kwa Edina, haioni wageni kabla haijaoshwa. Barazani nani angewaza kumwambia mtu wa Lufumbika kwamba safari hii mgeni anaitaka aibu yenyewe?

Akasema bonde ni zuri. Edina akashukuru sana.

*

Chaula alikuwa bado ofisini, anahakikisha jiko halizimi. Tusekile alifunga mlango, akamweleza yote bila kuzunguka. Kesho asubuhi, alisema, kamera itaona barafu safi na milima. Baraza litaandika kwamba Lufumbika ni bonde hai, na Pazia litabaki palepale mpaka zamu izunguke mabonde yote ya nchi ndipo iwafikie tena.

Mzee alimsikiliza amesimama. Aliifungua tai yake, akaiweka mezani, akakaa. Amri ya kufagia ilikuwa yake. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na kipaza sauti, akiwaambia watu kwamba mgeni wa Baraza anakuja kupiga picha na yeyote atakayekosekana kwenye usafi atajieleza. Kuna mama mmoja alibisha, akasema waacheni ndege walale walipofia, wakubwa wajionee. Chaula alimgombeza mbele za watu.

"Tutawarudisha," akasema mwishowe. "Ardhi imeganda, hawajaoza hata mmoja. Tukianza sasa hivi tutawahi."

Tusekile akamwambia haiwezekani. Akamweleza habari ya Lwitiko, mwenzake aliyeapa naye siku moja. Lwitiko alikuta bonde ambalo fisi wamelisafisha, watu wake wanakufa kweli kabisa, akamburuta ndama mmoja mfu kutoka zizini akamlaza kwenye barafu. Ndama mmoja tu. Ikaja kugundulika. Baraza halikuishia kwenye bonde hilo. Lilifunga matundu yote yaliyopatikana kwa picha za Lwitiko, mabonde matano, watu walioanza kupanda viazi tena wakafunikwa upya. Tusekile alikwenda kuyaona mabonde hayo baadaye, na vitu alivyoviona hakuwahi kuvisimulia. Yeye naye alikuwa na mabonde yake yaliyotobolewa kwa picha zake. Kuna watu kule wanaanika mahindi juani siku hizi, hawamjui hata sura.

"Lakini sisi hatudanganyi," Chaula akasema. "Korongo wamekufa. Ni wetu. Walifia palepale. Uongo uko wapi hapo, mama?"

Ndilo swali lililokuwa likimla hata yeye. Picha ya kesho, ikipigwa kwa kiapo, itasema uongo kwa kila kona yake. Picha ya kupangwa ingesema kweli. Alikaa analigeuza jambo hilo huku mkaa ukigeuka majivu, na kadiri alivyoligeuza ndivyo alivyozidi kumwona yule mtoto wa kifua. Hakuweza kusema ndiyo. Wala hapana.

Akasimama, akavaa koti. Alipofika mlangoni akauliza, kama mtu anayeulizia habari za hali ya hewa, kwamba umande wa huku unaanza kuganda wakati gani. Chaula akamwambia mara tu watu wakishakula. Tusekile akasema basi, kitu chochote kitakachokuwa nje kabla ya hapo, asubuhi kitakuwa na jalidi nyeupe juu yake sawa na majani na mawe, na kitakachowekwa alfajiri kitaonekana kimewekwa, kwa sababu jua la chini halimfichii mtu. Akaongeza kwamba yeye anakwenda kulala, na hajasikia neno lolote ndani ya ofisi ile.

Mzee akamtazama. "Na wanalazwaje?" akauliza.

Tusekile alimsikia vizuri kabisa. Kulijibu swali hilo kulikuwa kupanga, na yeye aliapa hatapanga. Akavuta mlango nyuma yake, akaenda zake kwa Edina, ambako muda si mrefu hapakubaki mtu isipokuwa mtoto anayekohoa na dada yake anayesinzia kando yake.

*

Alfajiri alibeba kamera na stendi yake mwenyewe. Baridi ilikuwa inakata masikio. Majani, kamba za kuanikia nguo, mgongo wa mbwa aliyelala kibarazani, kila kitu kilikuwa kimevaa jalidi nyeupe yenye manyoya. Akajikuta anafurahi, na akajionea aibu kwa furaha hiyo, lakini miguu ikaongeza mwendo. Kama wamewahi jana, mambo yatakaa sawa, na yeye mikono yake ni misafi.

Alifika ukingoni kwenye mwanga hafifu. Ndege walikuwepo. Zaidi ya mia. Jalidi imewafunika sawasawa, hakuna jicho ambalo lingejua kwamba wamewekwa jana usiku.

Walikuwa wamelazwa kwa mistari.

Mistari minne iliyonyooka, kutoka ukingo wa kaskazini mpaka katikati ya barafu. Kila korongo amekunjwa mabawa ubavuni, miguu imenyooshwa pamoja, shingo imelazwa upande wa kulia, kichwa kimeelekea mashariki. Kati ya ndege na ndege nafasi ni ileile. Mbele ya kila mstari palikuwa na tawi la mti kutoka msitu wa jirani, nalo limepata jalidi yake vizuri.

Tusekile alikaa chini kwenye majani yaliyoganda. Kicheko kilimpanda kikageuka kitu kingine kabla hakijafika mdomoni.

Edina alikuja nyuma yake, amevaa kitenge cha sikukuu juu ya koti, na kina mama wengine wakimfuata. Macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi na usingizi mchache. Akaeleza kwamba mwenyekiti aliwaambia mgeni angependa ndege waonekane, basi wakawatoa, wakawafuta udongo mmoja mmoja kwa vitambaa vya maji ya moto. Wengine walikuwa wamekunjamana vibaya, ikabidi wawapashe kwenye moto ili viungo vikubali kunyooka. "Hatukuweza kuwaacha wamelala hovyo mbele za watu," akasema. Alikuwa amechoka na ameridhika.

Mlimani kingo za mawingu zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Muda ulibaki mchache, na Tusekile akawaza upesi. Aingie kwenye barafu awatawanye? Jalidi ingeandika kila hatua yake, na jua likija chinichini kila unyayo ungekuwa shimo jeusi. Awapige walivyo? Mzee yeyote barazani angetazama mara moja tu aone mikono ya watu, halafu wangeuliza na picha zake nyingine zilipigwaje, na kule mahindi yanakoanikwa jua lingezimwa. Asipige kabisa? Bamba tupu linaletewa wakaguzi, na wakaguzi wangekuta makaburi yaliyofukuliwa nyuma ya kanisa.

Ilibaki njia moja. Mpigapicha hana ruhusa ya kuchagua kilichopo, ila ana ruhusa ya kuchagua aelekee wapi.

Alisimamisha stendi. Akaielekeza kamera kusini, upande ambao barafu ilikuwa tupu na safi mpaka chini ya milima, na alipofanya hivyo aliwapa mgongo ndege wote. Nyuma yake akasikia minong'ono ya kina mama ikipungua, kisha ikaisha.

Jua likachomoza. Lilikuja jeupe na dhaifu, likateleza juu ya bonde, na barafu yote ikawaka, ya waridi, ya dhahabu, michirizi ya mifagio ikang'aa kama kitambaa kilichotariziwa. Hakuwahi kupata mwanga kama ule maishani mwake. Wapigapicha wenzake wangelia kwa wivu. Alijua kabla hajabonyeza kwamba picha hii itatundikwa ukutani barazani, na wageni wataonyeshwa, na wataambiwa tazameni jinsi Pazia lilivyozipamba nyanda za juu. Akabonyeza. Sanduku likalia mara moja, muhuri ukafunga.

Chaula alikuwa amesimama pembeni muda wote huo, bila tai. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Alisogea karibu, na aliposema alisema kwa sauti ndogo ili kina mama wasisikie.

"Nilikuuliza wanalazwaje."

"Nilikusikia," Tusekile akasema.

"Neno moja tu, mama. Ungesema hovyo, nikaondoka."

Tusekile alitaka kumwambia habari ya kiapo, akakuta kiapo hakimsaidii. Angeweza kukataa jana, kwa sauti, na watu hawa wangelala vitandani mwao. Au angekubali akasaidia kama Lwitiko, akalibeba lake. Yeye alitaka uongo usemwe na watu wengine, kwa mikono yao iliyopasuka, kisha aje asubuhi kuuchukua. Chaula akageuka, akaanza kuteremka kwenda kwenye mistari ya ndege. Sasa ilibidi wazikwe mara ya pili.

Edina ndiye aliyemfuata Tusekile alipokuwa anakunja stendi. Alisimama kwa heshima hatua chache kutoka kwenye kamera, kama mtu asiyetaka kukigusa kitu cha serikali, akarekebisha kitenge chake.

"Tumetoka vizuri?"

"Mmetoka vizuri sana, mama."

"Na wao?" Aliwaonyesha ndege kwa kidevu. "Maana naona kama ulikuwa umegeukia kule."

Katika miaka yote ya kazi, mbele ya Baraza na nje ya Baraza, Tusekile hakuwahi kusema kilichomo kwenye bamba zaidi ya kilichomo. Aliliona vazi la sikukuu, aliviona vitambaa kwenye vidole, vimeloa maji ya kuoshea korongo.

"Nao wametoka," akasema. "Wote."

Edina akamshukuru Mungu. Akawageukia wenzake ukingoni akawapazia sauti kwamba wametoka, na ndege wametoka, na kina mama wakapiga vigelegele.